Kusafisha kabureta ya kwadi, kubadilisha jeti, au kununua kabureta nzima: nianze na ipi?

Tope_la_Goti

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Nina pikipiki ya magurudumu manne, hizi ambazo wengi wetu tunaziita kwadi, na imenisumbua kiasi cha kunilazimu niamue jambo kabla ya mwisho wa juma hili. Asubuhi inawaka vizuri nikiwa nimevuta choki, lakini nikiirudisha choki inazima, na hata ikikubali kukaa sailensa, yaani kunguruma bila kuvutwa mafuta, mlio wake unapanda na kushuka wenyewe kana kwamba kuna mtu anachezea wenzo wa mafuta. Njiani, nikivuta mafuta taratibu inakwenda. Nikivuta ghafla inajikaba, inakaa kimya kwa sekunde moja, kisha inaruka mbele. Nikiachia mafuta kwenye mteremko, ekzosi inapiga mabomu.

Fundi wa kwanza ameniambia nisafishe kabureta na hakuna zaidi. Wa pili amesema jeti zilizomo, vile vipande vya shaba vyenye tundu linalopima petroli, ni ndogo, niweke kubwa. Wa tatu amesema nisipoteze muda, ninunue kabureta nzima ya kuiga, niifunge na kuendelea na shughuli zangu. Naomba mnisaidie kulinganisha njia hizi tatu, kwa maana kila mmoja wao aliongea kwa uhakika unaotisha.

Spana_Kumi

Ndugu Tope_la_Goti, umetueleza ugonjwa bila kumtaja mgonjwa. Kwadi hiyo ni ya kampuni gani, ya mwaka gani, injini ina ukubwa gani, na ni ya mapigo mawili au manne? Kabureta ni ya kampuni ya Mikuni au Keihin, na ni ile yenye kiwambo cha mpira juu au ile ambayo waya wa mafuta unainua pistoni yake moja kwa moja? Ekzosi ni ile iliyotoka nayo kiwandani? Kuna aliyegusa sanduku la kichujio cha hewa? Ilikaa muda gani bila kuwashwa, na je, petroli ilikuwa imebaki ndani? Mwisho, unaiendesha katika mwinuko gani kutoka usawa wa bahari? Bila majibu hayo, kila atakayekujibu hapa atakuwa anaizungumzia kwadi yake mwenyewe.

BoyaZito

Mimi nitaizungumzia kwadi yangu mwenyewe, Spana_Kumi aniwie radhi, kwa sababu dalili ulizozitaja nimeishi nazo. Injini inayotaka choki hata baada ya kupata moto, inayopanda na kushuka kwenye sailensa na kupiga mabomu mafuta yanapoachiwa, inalalamika kwamba mchanganyiko ni hafifu, yaani hewa ni nyingi na petroli ni kidogo, hasa katika njia ya mwendo mdogo. Njia hiyo inalishwa na jeti ndogo ambayo tundu lake halifiki nusu milimita. Petroli ikikaa humo miezi kadhaa, ile sehemu nyepesi inaruka na kuacha utandu wa rangi ya kahawia unaonata kama gundi, na tundu la kwanza kuziba ni hilo. Jeti kuu ina tundu zaidi ya mara mbili ya hapo, ndiyo maana kwadi inaweza kukimbia vizuri mafuta yakiwa wazi kabisa, yaani wenzo ukivutwa hadi mwisho, lakini ikashindwa kusimama ikinguruma.

Safisha. Usinunue chochote kabla ya kusafisha.

Tope_la_Goti

Nawaomba radhi kwa kuficha mambo, haikuwa kusudi. Ni Suzuki LT-Z400 ya mwaka 2004, mapigo manne. Kabureta imeandikwa Mikuni na ina kile kifuniko cha mviringo juu, kwa hiyo nadhani ni ya kiwambo. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na ekzosi niliyoikuta si ya kiwandani. Ilikaa miezi saba bila kuguswa, tangi likiwa na petroli nusu. Ninapoiendeshea ni kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari.

Kuna jambo jingine ambalo huenda lina uzito: miezi miwili kabla ya kuiacha nilitoa mfuniko wa sanduku la kichujio cha hewa, kwa kuwa rafiki yangu alisema injini inahitaji kupumua.

Spana_Kumi

Lina uzito, tena mkubwa. Sasa tunaye mgonjwa.

Kwadi yako inavutwa pande tatu. Ekzosi iliyo wazi zaidi na sanduku la hewa lisilo na mfuniko vinaongeza hewa, na hivyo vinafanya mchanganyiko uwe hafifu. Mwinuko wa mita 1,600 unafanya kinyume chake, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa takriban asilimia 15, na jeti ile ile inageuka kuwa kubwa mno. Kisha kuna utandu wa miezi saba, ambao hauna hesabu kwa kuwa hakuna anayejua umeziba tundu lipi na kwa kiasi gani. Mtu anayekuambia namba ya jeti leo, wakati jambo hilo la tatu halijaondolewa, anabahatisha.

Elewa pia kwamba kabureta haina jeti moja inayotawala kila kitu. Kuanzia sailensa hadi kama robo ya mafuta, mwenye neno ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya mchanganyiko. Kuanzia robo hadi robo tatu, mwenye neno ni sindano inayopanda na kushuka pamoja na pistoni ya kabureta, na mrija ambamo sindano hiyo inaingia. Jeti kuu inaanza kutawala kuanzia robo tatu hadi mwisho. Maeneo haya yanapandana, lakini ukijua tatizo linatokea wenzo ukiwa wapi, umeshajua pa kuangalia. Weka alama kwa utepe kwenye wenzo wa mafuta katika robo, nusu na robo tatu, uendeshe, kisha urudi kutuambia. Usiangalie kasi ya mashine, angalia umevuta mafuta kiasi gani.

Jeti_145

Nakubaliana na maelezo lakini sikubaliani na mwelekeo wa mjadala. Mtu ametoa mfuniko wa sanduku la hewa na ana ekzosi iliyo wazi. Hata akiisafisha kabureta mpaka ing'ae kama sahani ya arusi, jeti zilizochaguliwa kwa hewa ya kiwandani hazitalingana na hewa anayovuta sasa. Kwa nini afungue kabureta mara mbili? Akiwa ameshaitoa, asafishe na kubadilisha jeti siku hiyo hiyo.

Namtahadharisha jambo moja tu kuhusu namba. Jeti kuu za Keihin zinafuata kipenyo cha tundu, kwa hiyo namba 140 ni takriban milimita 1.40, na kuruka kutoka 140 hadi 145 kunaongeza eneo la tundu kwa asilimia 7 hivi, ingawa kwa kuangalia namba mtu angedhani ni asilimia 3 na nusu. Jeti kubwa za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita zinahesabiwa kwa kiasi cha mafuta kinachopita kwa muda fulani, wala si kwa kipenyo. Namba 140 ya huku si 140 ya kule. Nimeona watu wakibadilishana jeti za kampuni mbili kwa sababu tu namba zimefanana, halafu wanashangaa.

BoyaZito

Afungue mara mbili kwa sababu akibadilisha mambo mawili kwa pamoja hatajua ni lipi lililomsaidia, na mbaya zaidi, hatajua ni lipi lililomharibia. Tuseme ameweka jeti ndogo yenye namba ya juu, huku mfereji unaotoka kwenye jeti kwenda kwenye koo la kabureta ukiwa bado umeziba nusu. Ataona nafuu. Baada ya wiki mbili petroli mpya itayeyusha utandu uliobaki, mchanganyiko utakuwa mzito, yaani petroli itazidi hewa, plagi itajaa masizi, na atarudi hapa na mada mpya.

Jeti_145

Hilo linamtokea aliyesafisha vibaya. Aliyesafisha vizuri hana mfereji ulioziba nusu.

MamaPistoni

Ndugu zangu, mmejadili njia mbili na ya tatu mmeipita kana kwamba haipo, ilhali ndiyo itakayomvutia kwa sababu ni nyepesi. Naomba niieleze kwa kirefu kidogo, maana iliniharibia injini.

Nilikuwa na kwadi ya kazi, ya mapigo manne, ambayo kabureta yake ilikuwa imechakaa kwenye njia ya pistoni. Niliagiza kabureta ya kuiga, iliyoonekana kwa nje kama pacha wa ile ya zamani, ikiwa na picha nzuri na maelezo yanayosema inafungwa bila marekebisho yoyote. Ilifungwa kweli bila marekebisho. Iliwaka mara ya kwanza, na kwa siku tatu nilijiona mwerevu kuliko mafundi wote niliowahi kuwalipa.

Siku ya nne ilianza kuwa nzito kuwaka asubuhi na kutoa moshi mweusi. Nilidhani ni jeti, nikafungua bakuli la petroli lililo chini ya kabureta ili niibadilishe, nikakuta kwamba jeti nilizokuwa nazo, zile halisi, haziingii kwa kuwa hatua ya nyuzi za skrubu ilikuwa tofauti kidogo. Namba zilizochongwa kwenye jeti zake nazo hazikuwa na maana, kwani jeti mbili nilizozipima kwa waya wa kipimo zilipishana ingawa ziliandikwa namba moja. Nikavumilia. Nilichokuwa sikijui ni kwamba sindano ya boya, ile inayozuia petroli bakuli likijaa, haikuwa inafunga sawasawa. Kila usiku, kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kuacha koki ya petroli wazi, mafuta yalikuwa yakishuka kidogo kidogo kutoka kwenye tangi, yakipita sindano, yakijaza bakuli, na badala ya kumwagika nje kupitia mrija wa kufurikia, ambao ulikuwa umetobolewa juu mno, yakaingia kwenye koo la kabureta, yakapita valvu iliyokuwa wazi, yakateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili.

Niligundua nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, kwa bahati tu, nikaona kiwango kimepanda juu ya alama ya mwisho. Oili haizaliani. Nilipoinusa, ilinuka petroli, na ilikuwa nyepesi kama maji ya kunawia. Kwa wakati huo nilikuwa nimeshaiendesha siku kadhaa ikiwa hivyo. Tulipofungua kichwa cha injini, sehemu ambazo kamshafti inakalia zilikuwa zimechanika mistari ambayo kucha inaihisi. Gharama ya kichwa hicho ingeninunulia kabureta halisi na jeti za kunitosha maisha.

Kwa hiyo, ndugu Tope_la_Goti, ukichagua njia ya tatu, funga koki kila unapozima, na uwe unanusa kijiti cha oili kabla ya kuwasha.

Nyikani_Taratibu

Pole sana, MamaPistoni. Hata hivyo si haki kuzilaani zote. Kwenye mashine yangu ndogo ya watoto, ya sentimita za ujazo 110, nimefunga ya kuiga na inafanya kazi msimu wa tatu sasa. Nadhani jambo la msingi ni kubadilisha sindano ya boya na jeti kwa vifaa vinavyoaminika kabla ya kuifunga.

MamaPistoni

Ukishanunua kabureta, kisha ukanunua sindano ya boya, kisha ukanunua jeti, umenunua bakuli tupu la aluminiamu. Halafu kumbuka nilichosema kuhusu nyuzi.

Nyikani_Taratibu

Hilo nakupa. Kuhusu kusafisha, mimi huchemsha kabureta kwenye maji ya ndimu kwa nusu saa. Inatoka nyeupe kama mpya, na harufu yake ni nzuri kuliko dawa za kopo.

Spana_Kumi

Nyikani_Taratibu, naomba tusimfundishe mgeni kuchemsha kabureta kwenye asidi. Mwili wa kabureta ni aloi ya aluminiamu au zinki, na ndimu na siki huila. Weupe unaouona ni ngozi ya metali iliyomomonyolewa, na unga wake mweupe ukibaki ndani ya mfereji wa nusu milimita umerudi pale pale ulipoanza, ila sasa umezibwa na kitu ambacho petroli haiwezi kukiyeyusha. Mara moja, kwa dakika chache, ukisuuza vizuri, huenda usione madhara. Nusu saa kwenye moto ni jambo jingine.

Mashine ya mawimbi ya sauti yenye maji ya vuguvugu, karibu nyuzi 60 za Selsiasi, na sabuni isiyo kali, inafanya kazi bora kuliko njia zote za nyumbani, kwa sababu vipovu vyake vinafika mahali ambapo brashi haifiki. Asiye nayo atumie dawa ya kopo ya kabureta na upepo wa kompresa, avae miwani ya kinga, kwani ukipuliza tundu moja dawa hutokea tundu usilolitegemea na mara nyingi linatazama jicho.

Mambo ambayo watu huyasahau ni haya. Ondoa kiwambo, oringi zote (zile pete za mpira) na kila kilicho cha mpira kabla ya kupulizia dawa, kwa maana dawa inavimbisha mpira na kiwambo kilichovimba hakirudi kwenye mfereji wake. Skrubu za Kijapani zenye alama ya msalaba zinahitaji bisibisi ya umbo lake. Ukitumia ya kawaida kichwa kinalika. Usitoboe jeti kwa waya wa chuma, kwa sababu shaba inakwaruzika na tundu linaacha kuwa na kipimo chake. Uzi mmoja wa waya laini wa shaba unatosha, na bora zaidi ni kuiloweka. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu hadi iguse, ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uitoe. Ndani yake kuna springi, washa ndogo na oringi ndogo, kwa mpangilio huo, na ile oringi hupenda kubaki ndani ya tundu au kupotea sakafuni. Ukikaza skrubu hiyo kwa nguvu, ncha yake inavunjika au inapanua kiti chake, na hapo ndipo fundi wa tatu atakapokuwa amesema kweli.

Injini_Baridi

Samahani kwa kuingilia, lakini LT-Z400 kuanzia mwaka 2009 inanyunyiziwa mafuta kwa mfumo wa elektroniki na haina kabureta kabisa. Ningekuwa mimi, ningeuza hiyo na kutafuta ya 2009. Hakuna jeti, hakuna choki, hakuna ndimu.

Jeti_145

Na pampu ya mafuta ikifa ukiwa katikati ya pori, utaisafisha kwa upepo wa kompresa? Bwana Injini_Baridi, mwenye mada ameuliza kuhusu kabureta aliyonayo.

Injini_Baridi

Nimenyamaza. Lakini pampu yangu haijafa.

Jeti_145

Nirudi kwenye mwinuko, kwa sababu Spana_Kumi alisema hewa inapungua asilimia 15 na mtu anaweza kudhani kwamba jeti nayo ipunguzwe asilimia 15. Hewa inapokuwa nyepesi, mvuto unaonyonya petroli kwenye koo la kabureta nao unapungua, kwa hiyo sehemu ya kosa inajisahihisha. Kinachobaki ni mchanganyiko uliozidi uzito kwa asilimia 8 hivi, na ukikumbuka kwamba eneo linafuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe, kipenyo cha jeti kinahitaji kupungua kwa asilimia 4 tu. Sasa linganisha na mfuniko uliotolewa na ekzosi iliyo wazi, ambavyo vyote vinataka jeti iongezwe. Inawezekana kabisa kwamba kwa Tope_la_Goti mambo hayo mawili yanakaribia kufutana kwenye jeti kuu, na tatizo lake lote liko kwenye jeti ndogo.

BoyaZito

Kwa hiyo unakubali kwamba asafishe kwanza.

Jeti_145

Nimesema inawezekana. Sijasema nimekubali.

FundiKimya

Huwa nasoma tu, ila leo nitasema. Hakuna aliyetaja mpira unaounganisha kabureta na injini. Mpira wa mashine ya mwaka 2004 umepikwa na joto la injini kwa muda mrefu, na unapasuka kwa chini ambako huoni. Hewa inayoingia hapo haijapita kwenye kabureta, na dalili zake ni hizi hizi zilizotajwa, ikiwemo ile ya mlio kuchelewa kushuka unapoachia mafuta. Injini ikiwa inanguruma, nyunyiza dawa ya kabureta kidogo kuzunguka mpira, mbali na ekzosi iliyo moto, na kifaa cha kuzimia moto kikiwa karibu. Mlio ukibadilika, umepata.

Pia kabureta nyingi za kiwambo zina kivalvu kidogo pembeni, chenye kiwambo chake cha ukubwa wa sarafu, ambacho kazi yake ni kuongeza uzito wa mchanganyiko mafuta yanapoachiwa ili ekzosi isipige mabomu. Kiwambo hicho kikitoboka, unaweza kubadilisha jeti mwaka mzima.

Tatu, pima nafasi za valvu. Kwa injini hiyo ni milimita 0.10 hadi 0.20 upande wa kuingiza na 0.20 hadi 0.30 upande wa kutoa, injini ikiwa baridi. Valvu iliyobana inaiga ugonjwa wa kabureta vizuri sana.

Spana_Kumi

FundiKimya, ungesema mapema tungeokoa kurasa.

Tope_la_Goti

Nimerudi. Nimetoa kabureta leo asubuhi na nina mambo ya kueleza, ingawa sina hakika yananisogeza mbele au yananirudisha nyuma.

Kuhusu ule utepe kwenye wenzo: tatizo ni baya kuanzia sailensa hadi karibu robo, linapungua kuelekea nusu, na mafuta yakiwa wazi kabisa inavuta bila kulalamika. Jeti ndogo nilipoielekeza kwenye mwanga sikuona chochote. Baada ya kuiloweka na kuipuliza, naona kitone cha mwanga, duara kamili. Hapo nilifurahi, nikadhani BoyaZito ameshinda.

Kisha nilienda kuhesabu mizunguko ya skrubu ya mchanganyiko, nikakuta imefunguliwa mizunguko minne, na nilipoitoa ilitoka na springi peke yake. Hakuna washa wala oringi. Nimetafuta sakafuni, nimemulika ndani ya tundu, havipo. Mpira wa kuunganishia, nilipoukunja kwa vidole, ulionyesha nyufa ndogo upande wa chini, lakini siwezi kusema kama zimetoboa hadi ndani au ni za juu tu.

La mwisho ndilo lililonichanganya. Namba iliyo kwenye jeti kuu hailingani na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo cha mashine hii. Ni kubwa kidogo. Ina maana mmiliki wa kwanza alishaibadilisha, pengine kwa ajili ya ekzosi yake, na mimi nimekuja kutoa mfuniko juu ya hesabu yake. Je, niirudishe ya asili, niache hii, au niongeze?

BoyaZito

Mizunguko minne bila oringi! Hewa ilikuwa inaingia kando ya skrubu, na aliyeimiliki kabla yako huenda akawa anaifungua zaidi akitafuta petroli. Kwa kawaida, skrubu ya upande wa injini ikitaka kufunguliwa zaidi ya mizunguko mitatu ndipo injini itulie, ni ishara ya jeti ndogo isiyotosha au iliyoziba. Ikitaka chini ya mmoja, jeti imezidi. Wewe ulikuwa na iliyoziba na mwanya wa hewa kwa pamoja. Weka oringi mpya, rudisha mfuniko wa sanduku la hewa, anza na mizunguko miwili, uiwashe ipate moto, ndipo uitafutie mahali mlio unapokuwa juu na laini. Jeti kuu usiiguse, kwa kuwa mafuta yakiwa wazi hailalamiki.

Jeti_145

Asiirudishe ya asili, hapo nakubaliana. Lakini kutolalamika si ushahidi. Injini yenye mchanganyiko hafifu kidogo mafuta yakiwa wazi inavuta vizuri, tena inaonekana nyepesi na yenye hamu, hadi siku inapopata joto la kuyeyusha kitu. Afunge plagi mpya, aiendeshe mafuta yakiwa wazi kwa mwendo wa kutosha, azime hapo hapo bila kuiacha ingurume, atoe plagi aiangalie chini kabisa kwenye kauri. Kahawia hafifu ni sawa, nyeupe kavu ni hatari, nyeusi ya masizi ni mafuta mengi. Na mfuniko asiurudishe mpaka aone plagi.

Spana_Kumi

Kabla ya hayo yote, mpira wa kuunganishia ubadilishwe, kwa maana plagi itakayosomwa huku hewa ya wizi ikiingia itasema uongo. Pia naomba picha ya hiyo jeti kuu kutoka juu. Kama kichwa chake ni cha mviringo na kile cha kwenye kitabu ni cha pembe sita, au kinyume chake, basi namba mbili unazozilinganisha ni za vipimo viwili tofauti na swali lako halina jibu bado.

MamaPistoni

Nami nina swali moja. Ncha ya sindano ya boya ina mfereji ulioliwa kuzunguka, au ni laini? Na je, umenusa oili?

Tope_la_Goti

Sindano ya boya ina mstari mwembamba sana kwenye ncha, unaoonekana kwa kioo cha kukuzia tu. Picha ya jeti nitaituma nikirudi karakanani.

Kijiti cha oili nimetoka kukinusa sasa hivi. Kinanuka petroli, au ni mikono yangu, au ni pua yangu iliyoshinda na kabureta tangu asubuhi. Siwezi kuapa.

MamaPistoni

Mwite mtu ambaye hajashika petroli leo, anuse yeye. Na koki, umeifunga?

Tope_la_Goti

Nakwenda kuangalia.